Kikosi cha Wasichana wa Wabera

Qabale alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza kuvaa sare ya Girl Guide pale mtaani Wabera, mwanzoni mwa miaka ya sabini, vita vya shifta, waasi wa kaskazini, vikiwa vimetulia juzi juzi tu. Aliyekianzisha kikosi alikuwa Mwalimu Nyaguthii, mama Mkikuyu aliyeletwa na serikali. Wazazi walikataa katakata: gauni liliishia magotini. Nyaguthii hakubishana nao. Aliwauliza akina mama wangeridhika na nini, akawashonea wasichana suruali ndefu na vitambaa vya kichwa. Ndipo mabinti wa Kiborana na wa Kisomali wakaingia, wakajipanga pamoja na mabinti wa wenye maduka kutoka Nyeri na Meru.

Nyaguthii alipohamishwa, Qabale, sasa mwalimu mwenyewe, alikirithi kikosi. Miaka ile ilikuwa mizuri. Wasichana waliapa kusaidia watu wakati wote, wakajifunza kufunga vidonda na kuwatunza watoto wanaohara. Sikukuu ya Jamhuri walipita kwa gwaride, na wazee waliowabeza walikuwa wa kwanza kusimama. Hodari kuliko wote alikuwa Habibo, binti wa Mzee Gollo, mfugaji wa kijiji cha Gotu, aliyekaa kwa shangazi yake mtaa wa Kiwanjani ili asome.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikosa kabisa. Ng'ombe walianguka njiani wakipelekwa kisimani. Kila Jumamosi kikosi kilipungua, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mfugaji aliyebakiwa na binti tu alimwoza kwa mtu aliyebakiwa na ngamia.

Habibo alipokosa kuja, Qabale alidandia lori la mahindi ya msaada hadi Gotu. Gollo alimpokea kwa heshima, akamwomba radhi kwamba hana chai ya maziwa. Qabale alimsihi amwachie mtoto amalize shule. Alimwahidi kwamba atamlisha yeye mwenyewe. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikaha imeshafungwa, Mwalimu," alisema. "Mumewe, Warfa, ameleta ngamia wa maziwa. Nikimrudisha huyo ngamia, hawa wadogo watakunywa nini?"

Habibo aliitwa. Hakuwa akilia.

"Mwalimu, usigombane na baba."

"Wewe mwenyewe umetaka?"

"Tuliapa tutasaidia watu. Mimi niko na nini ingine ya kusaidia nayo?"

Kiapo kile Qabale alikuwa amekifundisha kwa miaka, akakieleza neno kwa neno, na hakuwahi kufikiri kwamba mtoto angekielewa hivyo. Alimshika mkono kidogo, akarudi barabarani kungoja lori.

Jumamosi iliyofuata walikuja wasichana wawili tu, Rahab na Asho. Aliwaambia waende nyumbani.

Mvua ilirudi mwaka uliofuata. Majani yaliota, Gollo akaanza kufuga tena. Habibo alikuwa mbali, kwa mumewe upande wa Merti. Shangazi yake alisema amejifungua, na mtoto hakuishi.

Baadaye alikuja mama mmoja kutoka Nairobi, akieleza kwa furaha kwamba chama cha Girl Guide kimebadilika: sasa wasichana wanapanda miti, wanafundishwa afya na kazi za mikono. Alimwomba Qabale akifufue kikosi. Qabale alimwandalia chai, akamtajia mwalimu mwingine, kijana, wa kukiongoza.

Kikosi kipya hakikumaliza mwaka. Qabale hakwenda kukitazama hata siku moja.