Dawa Ilikuwamo Kabatini

Osmund aliondoka Jumatatu asubuhi, juu ya lori lililoleta mbolea, kitanda chake kimefungwa kamba ubavuni. Ulikuwa mwaka 1992. Serikali ilikuwa imeruhusu tena watu binafsi kufungua zahanati na maduka ya dawa, na Osmund, mganga pekee wa zahanati ya kijiji cha Namhuju, alikuwa amepata chumba cha biashara Msamala, mjini Songea. Kijijini hakuna aliyemlaumu. Mshahara ulikuwa ukichelewa, na watoto wake watano walikuwa shuleni.

Alimkabidhi Benigna ufunguo wa kabati la dawa. Benigna alikuwa muuguzi mkunga wa miaka thelathini na tisa, na kumi na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika zahanati ile.

"Panado na klorokwini toa," Osmund alimwambia. "Mengine usiguse. Nesi haandiki dawa, unajua mwenyewe. Andika barua ya rufaa, waende mjini. Mwezi ujao wataleta mganga mwingine."

Mwezi ukaja ukapita. Boksi la dawa lilifika kutoka wilayani kama kawaida, mganga hakufika. Benigna akawa anapokea dawa, anazipanga kabatini, anafunga, kisha anawaandikia wagonjwa barua za kwenda Songea, kilomita hamsini na mbili, mito miwili katikati.

Mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, Shakila alimleta mtoto wake. Shakila alikuwa ameolewa Namhuju akitokea Nalasi, na Saleh alikuwa mtoto wake wa kwanza, mwenye miezi kumi na minne. Mtoto alikuwa na homa na kikohozi. Benigna alimfunua kifua, akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu pumzi. Hamsini na sita kwa dakika. Aliujua ugonjwa ule, nimonia. Alikuwa amemwona Osmund akiwatibu watoto wa namna hiyo mara nyingi mno: septrini, siku tano, na mama arudi baada ya siku mbili. Vidonge vilikuwamo kabatini, hatua tatu kutoka pale alipoketi.

Akaandika barua ya rufaa.

Siku ya nne Shakila alirudi peke yake. Mto ulikuwa umejaa. Alikuwa amesubiri upande wa huku siku mbili, kwenye nyumba ya watu asiowafahamu, na siku ya pili alasiri Saleh akakata roho. Walimzika hukohuko. Shakila aliitoa ile barua kwenye pindo la kanga, imelowa na kukauka, akaiweka mezani.

"Haikufika," alisema. Kisha akauliza, "Nesi, dawa ya mwanangu ilikuwepo hapa?"

Benigna angeweza kusema uongo.

"Ilikuwamo."

"Wapi?"

Benigna akaonyesha kwa kidole. Shakila akalitazama kabati lile kwa muda mrefu, kama mtu anayelitazama kaburi.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema, akatoka.

Asubuhi iliyofuata Benigna alifungua rejista mpya. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika jina la Saleh, umri, homa, idadi ya pumzi. Chini yake akaandika: *Dawa niliyompa: hakuna. Sababu: si kazi yangu. Matokeo: amefariki.* Akasaini jina lake kamili. Kisha akageuza ukurasa, akamwita mgonjwa wa kwanza wa siku ile, akaandika dawa.

Mumewe, Leo, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alimwambia wakati wa kula, "Watakufukuza kazi, mama Careen."

"Wanifukuze wakishaleta mganga."

Jioni ile mumewe alimsaidia kusoma maneno magumu ya Kiingereza katika mwongozo wa matibabu ambao Osmund aliuacha kwenye droo. Ikawa ndiyo desturi yao, kila siku kabla giza halijaingia, sura moja baada ya nyingine. Benigna alijiwekea sheria: ugonjwa asioufahamu hauandikii dawa, na kila anachofanya kinaandikwa, kizuri na kibaya.

Kibaya kilikuja mwezi wa nne. Mzee Egidi alikuja na kikohozi cha makohozi machafu, Benigna akampa septrini. Siku ya tatu mzee alirudishwa midomo imevimba, ngozi ya kifua imetoka malengelenge. Kumbe miaka ya nyuma dawa ya salfa iliwahi kumdhuru, na mwenyewe hakujua kwamba septrini nayo ina salfa. Benigna alimsimamishia dawa papo hapo, akakimbia mwenyewe hadi kwa mapadre wa misheni kuomba gari, akampeleka hospitali amemwegemeza begani. Mzee alikaa huko wiki tatu, akapona. Kwenye rejista Benigna aliandika: *Sikumuuliza kama dawa yoyote iliwahi kumdhuru. Kosa ni langu.* Tangu siku ile hakuna mgonjwa aliyepita mbele yake bila kuulizwa.

Hakuwa mwepesi wa kutoa. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Rupert, alikuja akidai sindano ya penisilini kwa ajili ya maumivu ya mgongo.

"Mgongo wako ni wa jembe, mwenyekiti," Benigna alimwambia. "Sindano haitausaidia. Pumzika siku tatu, utumie panado."

"Unanikatalia mimi?"

"Naikatalia sindano, siyo wewe."

Mwenyekiti aliondoka amenuna, na barua yake ya malalamiko ikafika wilayani kabla ya mahindi kuvunwa. Mwezi wa sita akaja msimamizi wa afya kwa gari. Aliisoma rejista akiwa amesimama, uso unazidi kukunjamana.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Kuanzia leo panado na klorokwini, basi. Jumatano ukajieleze kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Na hii naichukua."

Benigna aliweka mkono juu ya rejista. "Samahani, mzee. Nitaileta mwenyewe."

Jumanne alipopanda lori, alimkuta Shakila amekwisha kukaa juu ya magunia. Tangu msiba walikuwa hawajazungumza zaidi ya salamu.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda," Shakila alijibu.

Walilala Lizaboni, mjini Songea, kwa dada yake Benigna, na asubuhi wakawa wa kwanza kwenye benchi nje ya ofisi. Waliitwa saa nane mchana. Daktari Joachim, mganga mkuu, alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyeharakisha neno. Aliipokea salamu yao, akaisoma rejista kuanzia katikati. Alipofika kwa mzee Egidi akasimama.

"Hapa ulikosea. Ungeliacha hili bila kuliandika, mimi nisingelijua."

"Ningeliacha, daktari, ningelirudia."

Akamgeukia Shakila. "Na huyu mama ni nani?"

"Mimi ni mama wa ukurasa wa kwanza," Shakila alisema.

Daktari akarudisha kurasa nyuma. Alisoma mistari ile michache, akafuta miwani, akaisoma tena. Kisha akainuka. "Twende wodini."

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa. Alimwonyesha Benigna watoto watatu, mmoja mmoja, akamwambia aeleze angefanya nini. Kwa wa kwanza Benigna alihesabu pumzi, akataja dawa na kipimo chake kwa uzito wa mtoto. Kwa wa pili alisema malaria.

"Hukuangalia sikio," daktari alisema.

Benigna akarudi, akainamisha kichwa cha mtoto. Usaha ulikuwa unatoka. Kwa wa tatu alitazama kidogo tu. "Huyu kifua kinabonyea anapovuta pumzi. Si wa vidonge vyangu. Ningempa dozi ya kwanza na kumleta hapa mbio."

Walirudi ofisini, Daktari Joachim akaandika kwa mkono barua mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo kali kwa kuvuka mipaka ya kazi yake, na ingebaki kwenye faili lake. Ya pili ilimruhusu kuandika dawa kumi, zilizotajwa kwa majina, mpaka mganga atakapopelekwa Namhuju.

Benigna aliisoma ile ya pili mara mbili.

"Kwinini ya sindano haimo, daktari."

"Hiyo hapana. Ni dawa nzito."

"Mtoto wa degedege hamezi kidonge. Na mto ukijaa, barua yangu haivuki. Huyu mama anaujua ule mto."

Daktari aliichukua barua, akaongeza mstari: *Kwinini, dozi ya kwanza tu, kisha rufaa.* Akagonga muhuri.

Ndani ya lori la kurudi, Shakila alisema bila kugeuka, "Sijakusamehe bado, Nesi. Lakini nimeona."

"Nimesikia, mdogo wangu," Benigna alijibu. Hakumwomba zaidi ya hapo.

Mganga mpya alichukua miaka mitatu kufika. Kabla ya hapo, mwaka uliofuata, Daktari Joachim aliwaita mjini wauguzi saba waliobaki peke yao kwenye zahanati za vijijini, akawafundisha kwa wiki sita namna ya kupima, kuandika dawa na kujua mwisho wa uwezo wao. Benigna alikuwa wa pili katika mtihani. Wa kwanza alikuwa msichana mmoja, Noela, na Benigna alikaa naye siku nzima ya mwisho akimtaka amweleze swali aliloshindwa, mpaka akalielewa.

Alirejea Namhuju Jumamosi. Kesho yake, alipotoka misa, alikuta watu wamekwisha kukaa kwenye baraza la zahanati, wengine na watoto mgongoni. Akavua viatu vya kanisani, akavaa vya kazi, akafungua mlango.