Fomu Isiyo na Jina

Mwalimu wa hesabu hakuwa na mpinzani kwa utani katika chumba cha walimu. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipompa fomu walizojaza walimu kuhusu furaha na msongo wa kazi azijumlishe, alijua amepata cha kuchekea.

"Kwa furaha, wanaume tuna wastani wa nane katika kumi," alitangaza wakati wa mapumziko. "Dada zetu, nne! Shule ni hii hii, chaki ni hizi hizi. Ninyi mna nini lakini?"

Walimu wa kike waliendelea kusahihisha madaftari. Mke wa mwalimu huyo, aliyefundisha darasa la kwanza, alikuwa pembeni akichonga penseli za wanafunzi wake.

"Msikieni huyu sasa." Mumewe alichomoa fomu iliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, akabana pua, akaisoma kwa sauti ya kike. "'Watoto themanini na wawili hawanishindi. Mume wangu naye ni mwalimu. Tunatoka kazini pamoja. Yeye akifika nyumbani, amefika. Mimi ndiyo kwanza naingia zamu ya pili.'"

Wanaume wakaangua kicheko. Naye akanogewa.

"'Juzi nilishikwa na homa. Akasimama mlangoni, akauliza kama shati lake la buluu lime...'"

Akaishia hapo. Shati la buluu alikuwa amelivaa, limenyooka kama karatasi. Macho ya chumba kizima yakatua kwenye kola yake.

Mkewe aliweka penseli mezani. "Malizia, Mwalimu. Na nyuma nimeandika."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akageuza karatasi, akasoma kwa sauti yake mwenyewe, chini chini: "'Simchukii. Nimechoka tu, na sijui nianzie wapi kumwambia.'"

Wanaume wakainamia madaftari yao.

Jioni, njiani, alijikaza. "Mama watoto, nisamehe. Sikuwa naona."

"Ulikuwa unaona, baba. Ulikuwa huhesabu tu."

Walipofika nyumbani, mume alimwomba akae, akaingia jikoni peke yake. Akafungua kabati moja, la pili, la tatu. Mwishowe akamwita binti yao wa miaka saba.

"Mwanangu, chumvi inakaa wapi?"

Mtoto akamtazama kama mgeni, kisha akamwonyesha kopo lililokuwa mbele ya pua yake. Miaka kumi na mmoja ndani ya nyumba hiyo. Aibu ya asubuhi haikufikia hii.