Makasi na Injili Nne

Gachanja alikata Biblia mbili kwa makasi ya kushonea ya mkewe, na kwa kosa hilo wazee wa kanisa walitaka kumtenga na Meza ya Bwana kabla ya Pasaka.

Hakufanya kwa siri. Alikata mchana, sebuleni, mlango ukiwa wazi. Zilikuwa Biblia mbili kwa sababu ukurasa una pande mbili, na ukiubandika upande mmoja, ule wa pili umezikwa na gundi. Alichomoa habari moja kutoka kwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana, akaipanga bega kwa bega, akaibandika kwa uji wa unga wa ngano juu ya karatasi za mifuko ya simiti. Kila Alhamisi alasiri, katika darasa la Biblia alilolifundisha, alizitundika kwenye ukuta wa kanisa, na wakulima wa viazi wa pande hizo za Kuresoi wakaja na matope yao miguuni kutazama. Wengine walirudi nyumbani wakiwa na furaha. Wengine walirudi wakiwa na hasira, na hasira haikukawia kumfikia Kipkemboi.

Mchungaji alikuwa na makanisa mengi ya kuzunguka. Huku juu aliyeshika usukani alikuwa Kipkemboi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, ambaye siku za kazi alikuwa pia mzee wa kijiji na msikizaji wa kesi za mipaka na ng'ombe waliovunja ua. Yeye na Gachanja hawakuwahi kupikika chungu kimoja. Kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyesoma, na mwenzake ndiye aliyebahatika kupewa kiti.

Kikao cha kwanza kilifanyika katika chumba cha nyuma ya madhabahu, mvua ikipiga mabati.

“Gachanja,” Kipkemboi alianza, bila Mzee wala Ndugu. “Makasi na Neno la Mungu, wapi na wapi?”

“Ulitaka nitumie panga?”

Mzee Mbugua alicheka, akakohoa kuficha.

“Tueleze ulichokuwa ukitafuta.”

“Sikutafuta. Niliweka tu. Mathayo ana wanawake wawili kaburini. Marko ana watatu. Yohana anamtaja Mariamu Magdalene peke yake. Huyu anaona malaika mmoja, yule anaona wawili. Ukimsoma mmoja leo na mwingine mwaka ujao, huoni kitu. Ukiwaweka pamoja, unaona.”

“Unaona nini? Kwamba kuna aliyedanganya?”

“Unaona kwamba ni watu wanne. Na wote wanne wanakuambia kaburi lilikuwa tupu.”

Kipkemboi aliegemea nyuma. “Mimi nimesikiza kesi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Shahidi huyu akisema hivi na yule akisema vile, nafukuza wote na kesi yao. Watu wa kweli wana neno moja. Wewe unawafundisha watu wetu kwamba Injili ina maneno manne.”

“Mashahidi wako wana neno moja kwa sababu huwa wamelipika pamoja njiani.”

Mbugua hakucheka tena. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kumwambia Kipkemboi kwamba kesi zake zilikuwa za kupikwa. Akatoa uamuzi bila kuuliza mtu: wazee watatu wangekwenda kuchukua zile karatasi zichomwe. Gachanja akizitoa, yaishe. Akikataa, atatengwa na Meza, akae benchi la nyuma pamoja na wenye kesi za pombe na za ndoa, na akifa huko, kanisa halitamzika.

Nyumbani, mkewe Wangare alimsikiliza akimenya viazi.

“Wape. Ni karatasi.”

“Ni kazi yangu.”

“Na mimi nikipelekewa mkate peke yangu, wake zao wakinitazama, hiyo ni kazi ya nani?”

Gachanja akatoka kwenda kwenye banda la mbegu za viazi.

Wazee hao watatu walikuwa Mbugua, Wanyonyi na mama mmoja aitwaye Winrose. Walipofika, Wangare aliwapikia chai, maana mgeni ni mgeni hata akija na ubaya. Aliiweka chupa ya chai kwenye stuli nje, kivulini. Gachanja akatoka kwenye banda la mbegu, akaifungua ile chupa, na kuimimina yote kwenye nyasi mbele yao.

“Waliokuja kuchoma Injili,” alisema kwa sauti ya chini, “hawanywi chai yangu. Tokeni.”

Huku milimani, kumnyima mgeni chai ni ubahili tu. Kuimwaga mbele ya macho yake ni kumtemea mate. Wakaondoka bila karatasi.

Kikao cha pili kilijaa, na hata wasio wazee walisimama mlangoni. Lile neno la kupika lilikuwa bado linamchoma Kipkemboi, na alitaka kila mtu aone jinsi kesi safi inavyosikizwa. Aliwatoa mashahidi wote watatu nje, kisha akaamuru waingie mmoja mmoja, asiwepo wa kumsikia mwenzake.

Mbugua aliingia kwanza. Ilikuwa asubuhi, alisema. Walikuwa bado wamesimama. Gachanja alimwaga chai na kusema kwamba wao hawanywi chai yake. Mwanamke hakuwepo.

Wanyonyi akasema ilikuwa mchana. Yeye alikuwa ameshaketi. Kikombe kilirushwa, chai ikamlowesha kiatu, na waliitwa Mafarisayo.

Winrose akasema Wangare alisimama mlangoni na vikombe mkononi, akitetemeka kwa aibu. Gachanja hakusema hata neno. Alimwaga tu. “Macho yake yalitosha.”

Kipkemboi aliwaita wote ndani, akawarudia alichosema kila mmoja. Kalamu aliyokuwa akiichezea ilikuwa imetulia.

“Mimi sikuona mwanamke,” Mbugua alisema.

“Uliangalia nini basi?” Winrose akamuuliza. “Chupa?”

Watu wa mlangoni wakacheka. Gachanja hakucheka. Alimtazama Kipkemboi na kuona kwamba mwenzake ameshaelewa. Katika kikao cha kwanza, mbele ya wazee haohao, mwenyekiti alikuwa amesema kwamba mashahidi wakitofautiana hufukuzwa pamoja na kesi yao. Kilichobaki ni Gachanja kufungua mdomo na kudai sheria hiyo. Pasaka angeketi na Wangare mezani, na Kipkemboi angemeza maneno yake kama dawa ya mwarobaini. Asubuhi Wangare alikuwa amemwomba jambo moja tu: aokoe nafasi yake Mezani, hata kama ni kwa hila.

Lakini Alhamisi angetundika nini ukutani? Hawa watatu wakiwa waongo kwa sababu hawakulingana, wale wanne nao wangeponea wapi?

“Gachanja,” Kipkemboi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Una la kusema juu ya mashahidi?”

“Ninalo. Wamesema kweli, wote watatu.”

Watu wa mlangoni wakasogea ndani.

“Asubuhi ilikuwa inaisha, kila mtu akaita saa alivyoita. Mbugua aliupa mlango mgongo, angemwonaje mke wangu? Wanyonyi alirukiwa na chai, na mtu aliyelowa huona kikombe hata pasipokuwa na kikombe. Winrose alimtazama mwenzake mwanamke, na mimi nilisema kwa sauti ya chini. Hayo ya Mafarisayo sikuyatamka, lakini niliyafikiri, na pengine yalionekana usoni. Chai niliimwaga. Niliwafukuza. Hilo wote wamelisema, na ndivyo ilivyokuwa.”

“Kwa hivyo umekubali kosa.”

“Nimekubali chai. Na wewe ukinihukumu kwa maneno ya hawa, umekubali mafundisho yangu. Ukiyakataa, fukuza kesi. Chagua.”

Mshipa ulimsimama Kipkemboi shingoni. “Mimi sifundishwi kazi na mtu anayekata Biblia kama kitambaa cha pazia.”

“Hufundishiki. Hiyo pia wote tunakubaliana.”

“Mikono juu, wanaotaka atengwe.”

Mikono ikainuka. Wa Winrose ulichelewa, na alipouinua alimtazama Gachanja usoni. “Uliimwaga, Mzee. Umesema mwenyewe.”

“Sikukwambia ushushe.”

Njia nzima ya kurudi nyumbani Wangare alitembea mbele yake. Alipofika kwenye geti aligeuka mara moja. “Walikuwa wameshindwa nawe,” alisema. “Ukawashika mkono ukawavusha.” Siku zilizofuata alimwekea chakula na kwenda kula jikoni.

Pasaka, Gachanja alivaa koti lake la suti na kwenda kukaa benchi la nyuma. Alichagua mwisho wa benchi, kando ya njia, ili Kipkemboi asipate jinsi ya kupita bila kumkaribia. Kipkemboi alikuja na sahani ya mkate akitazama ukutani, akampita, kisha akasimama mbele kidogo, alipoketi Wangare, na kuinama kwa heshima kubwa kuliko ilivyohitajika.

Wangare alichukua mkate. Aliutafuna polepole, kichwa juu, na hakugeuka nyuma.