Ukoo wa Kuazima

Katika chumba cha walimu kila kiti kilikuwa na mwenyewe, hata wenyewe wasipokuwepo. Rawda alikaa juu ya boksi la karatasi za mitihani, mgongo ukutani, akisahihisha. Jenereta la chuo hapo Kismayo lilikuwa limeishiwa mafuta tangu asubuhi, feni zimesimama, na jasho lilimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kila alipogeuza karatasi ilimbidi kwanza afute mkono kwa upindo wa buibui.

Karatasi zile si zake. Zilikuwa za mhadhiri mmoja aliyekuwa Nairobi kwa shughuli zake, na alama zikishatoka ni yeye atakayetia sahihi. Tangu amalize shahada ya hisabati, akiwa wa kwanza katika mwaka wake, Rawda alikuwa akifundisha na kusahihisha hivyo hivyo bila mshahara. Chuoni waliita kujitolea. Ni neno zuri sana hilo, humfanyisha mtu kazi bure na bado akatakiwa kushukuru.

Adhuhuri aliitwa na mkuu wa kitivo, Dakta Abdulqadir. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alimkaribisha kwa chai ya maziwa. Akamwambia kwa Kisomali kwamba nafasi ya mhadhiri msaidizi imepatikana, na kwamba hakuna anayestahili kama yeye. Kisha akakoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka.

"Lakini nafasi ni za koo, unajua," alisema. "Koo kubwa zina fungu kamili. Ninyi wengine wote mna nusu, na nusu yenu imeshajaa."

Rawda aliuliza imejazwa na nani, maana hakuwa amemwona Mbajuni mwenzake yeyote akifundisha pale.

"Yusuf," alisema mkuu.

Yusuf alikuwa mlinzi wa getini.

Rawda aliweka kikombe chini, akainuka. Mkuu hakumwacha aondoke hivyo. Akamweleza njia, kama mtu anayemsaidia jirani. Watu wanyonge huko nyuma walikuwa wakijiingiza katika ukoo wenye nguvu, wakaitwa kwa ukoo huo, wakalindwa. Wasomali huita sheegad. Baba yake aje tu mbele ya wazee wa ukoo wake yeye mkuu, aseme kwamba babu zake walikuwa wa kwao wakapotelea visiwani. Wazee watakubali. Wao ni watu wema.

Baba yake, Badi, alikuwa fundi cherehani sokoni. Alizaliwa kisiwani Kudhaa, akakimbizwa na vita angali kijana, akaozea kambini Mombasa, akarudi Kismayo akakuta nyumba ya baba yake inakaliwa na watu wasiomjua na hawataki kumjua. Habari ile ilimkuta kwenye cherehani. Aliendelea kupindia suruali. Ni mama, Mwanapili, aliyesema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Mi niliinama kuchwa kucha kambini, Mwanapili," alisema Badi kwa Kibajuni. "Sikumbuki kama niliinuka."

Lakini alikubali, kwa sababu ya binti yake. Mdogo wake mkuu wa kitivo akawa anapita dukani jioni kumfundisha majina ya mababu wapya, mmoja baada ya mwingine, na Badi akiyarudia huku mguu ukikanyaga cherehani. Siku moja Rawda alimkuta amesimamisha mashine, anatazama kitambaa.

"Mchu akiulizwa ina la babuye hufikiri?" alimwuliza. "Mi nafikiri. Watajua."

Rawda alitaka kumwambia aache. Alikuwa na neno hilo mdomoni kabisa. Halafu akakumbuka lile boksi la karatasi, akainama kuokota vipande vya kitambaa chini.

Siku ya kikao, Badi alivaa kanzu yake ya Idi. Wazee walikaa kwenye mikeka, mbuzi amechinjwa, na Rawda akawa uani pamoja na wanawake, anasikia kila kitu. Baba yake alitaja majina vizuri mpaka katikati, akakwama. Ndipo mzee mmoja, kwa upole, akamtajia jina linalofuata, kama ustadhi anavyomsaidia mtoto madrasa, na Badi akalirudia. Wanaume wakasema alhamdulillahi. Rawda aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani, na aliona pia kwamba hakuna hata mmoja pale aliyedanganyika. Walijua wote. Walichotaka ni kumsikia akisema.

Sharti lilikuwa moja. Kibajuni kiishie nyumbani. Mtu wa ukoo wao hawezi kusikika hadharani akisema lugha ya visiwani, kwani watu watacheka, na watawacheka wao.

Nafasi ilipotangazwa, alipewa Adnani, mtoto wa yule mzee aliyemtajia Badi jina. Adnani alikuwa amesoma darasa moja na Rawda na kufaulu kwa kurudia mtihani. Rawda alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu bila hata kubisha hodi, akamwuliza kulikoni, na ahadi iko wapi.

Dakta Abdulqadir hakukasirika. Akamwita ndugu yangu, akamwomba akae.

"Ungekuja hapa kama Mbajuni aliyedhulumiwa, ningekosa la kukujibu," alisema. "Sasa wewe ni binti yetu. Nafasi imekuja nyumbani, imekwenda kwa kaka yako. Binti hamshitaki kaka yake kwa watu."

Rawda alisema alama zake ni za kwanza.

"Tunajua. Ndiyo maana utamsaidia. Mwaka ujao, inshallah, tutakufikiria."

Alikwenda nyumbani akawaeleza. Mama alilia. Badi aliuliza kama wanaweza kurudi kwa wazee wakasema kwamba walikosea, kwamba wao ni watu wa Kudhaa tu, kisha akajijibu mwenyewe kwamba haiwezekani. Mtu akiutupa ukoo uliomkubali huwa amewatukana, na duka lake liko katikati ya soko lao. Basi wakala chakula.

Muhula ulipoanza, Adnani alifundisha siku ya kwanza, akaona uchovu, akasafiri. Rawda akaingia darasani mahali pake. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na yeye, bila kutaka, alifurahi. Alipenda kazi ile. Hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote, kwamba walijua anaipenda.

Kabla hajaanza, msichana mmoja alimfuata mezani. Alikuwa amevaa viatu vipya vinavyombana, anatembea kwa tahadhari. Jina lake Safiyya, mwaka wa kwanza. Alizungumza kwa sauti ya chini, Kibajuni kitupu, huku uso umemchanua.

"Mwalimu, mi ni wa Kudhaa. Mama alisikia kuna mchu wechu afundisha hapa. Ndipo akakubali niye kusoma."

Wanafunzi wa mstari wa mbele waliinua vichwa. Mmoja wao alikuwa mpwa wa mkuu wa kitivo.

Rawda alimtazama yule msichana. Akamjibu kwa Kisomali, polepole ili aelewe, kwamba amekosea, kwamba yeye si mtu wa visiwani, na kwamba darasani husemwa lugha ya darasa.

Safiyya aliomba radhi kwa Kisomali cha kubabaisha. Akarudi alikotoka, akapita kiti chake cha mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Rawda aligeukia ubao. Ilitakiwa jina la mwalimu liandikwe juu kabla ya somo, ili wanafunzi wajue wanafundishwa na nani. Akachukua chaki akaandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka mpaka nyuma: Mwalimu Adnani. Kisha akaanza kufundisha.