Tableti ya Mama Janice

Hannah alikuwa na dawa moja tu ya uziwi wake, nayo ni kuitikia kwa kichwa. Mtu akisema naye, anatabasamu, anainamisha kichwa mara mbili, mambo yanakwisha. Kwa miaka minne dawa hiyo ilikuwa imemwokoa na aibu nyingi na kumtumbukiza katika nyingine zaidi. Aliitikia hivyo siku moja akajikuta amejitolea kupikia chai wageni mia mbili wa kanisa. Siku nyingine akamwitikia mpangaji wake mmoja, kumbe mpangaji alikuwa anaomba ruhusa ya kufuga mbwa. Mbwa mwenyewe yuko mpaka leo, na ananenepa.

Jumamosi hiyo alikuwa amesimama kwenye kibanda cha simu, ghorofa ya pili ya jengo moja la Luthuli Avenue jijini Nairobi, anaitikia. Kando yake alikuwa binti yake Janice, anayefanya kazi ya ofisi mjini na kuishi upande wa pili wa jiji. Mbele yao, nyuma ya kabati la kioo, alisimama muuzaji, mwanamke mrefu mwenye beji iliyoandikwa Ivyne. Wawili hao walikuwa wakizungumza kwa kasi, na kila baada ya muda Janice aliandika kitu kwenye daftari dogo na kumsukumia mama yake.

"Hii 46,000. Screen kubwa, rangi safi sana."

Hannah akaitikia. Bajeti yake ilikuwa elfu ishirini na tano, pesa za ndama dume aliyeuzwa mwezi wa pili, lakini Janice alikuwa ameapa kuongezea.

Watangazaji wa redio hukiita kifaa hiki kishikwambi. Mtaani ni tableti, na Hannah alikuwa amemwambia bintiye kwamba anaitaka ya kusomea Biblia kwa herufi kubwa. Haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote.

Ukweli wote ulianzia hospitalini. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza Hannah siku kumi na moja, na alipozinduka alimkuta mumewe Gerishon kando ya kitanda, amemshika mkono, anaongea. Lo, aliongea siku hiyo! Mzee ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kikombe cha chai alisema mfululizo, midomo ikienda, machozi yakishuka mpaka kwenye kola, na Hannah hakusikia hata kidogo. Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia, akanyamaza. Hakuyarudia maneno yale tena. Tangu siku hiyo wanaongea kwa vidole: kikombe ni chai, shingo ni ng'ombe, juu ni mvua. Na kila siku ya hiyo miaka minne Hannah alitamani kujua jambo moja tu. Siku ile, Gerishon alimwambia nini?

"Kwani Baba hawezi kukuandikia?" Janice alikuwa akiuliza kwenye daftari lake kila Jumapili alipowatembelea. Hannah alilijua jibu na hakulitoa. Gerishon hajui kuandika, wala kusoma. Aliacha shule darasa la pili akachunge ng'ombe wa baba yake, na tangu hapo amejificha kwa ustadi wa ajabu. Barua zikija, miwani imepotea. Benki haendi bila mke. Kanisani hushika kitabu cha nyimbo kifuani, na nyimbo zote anazo kichwani. Kazi ya Hannah ni kuhakikisha kitabu hakijashikwa juu chini. Watoto wamekua wakaondoka nyumbani bila kujua. Mke mwenye heshima hamvui mumewe nguo mbele ya watoto.

Basi Hannah alikuwa hapo, anaitikia, na tableti ya elfu arobaini na sita ilikuwa inakaribia kuingizwa kwenye mfuko, Ivyne alipomtazama na kumuuliza kitu. Hannah akainamisha kichwa mara mbili. Ivyne akauliza tena. Hannah akaitikia na kuongeza tabasamu. Janice akaziba mdomo kwa mkono, uso umemshuka.

Ivyne hakucheka. Alichukua tableti nyingine, ya wastani, akabonyeza hapa na pale, akailaza juu ya kabati mbele ya Hannah. Kioo kilikuwa cheupe. Kisha Ivyne akafungua mdomo, na maneno yakaanza kuota pale juu, moja baada ya jingine, mdomo wake ukiwa bado unakwenda.

"Mama nimekuuliza kama unataka ya kukaangia chapati ukasema ndio. Nikakuuliza nikuuzie na hii kabati ukasema ndio. Ningekuuzia duka yote leo."

Hannah alitazama mdomo, akatazama kioo. Nywele zilimsimama. Aliiinua ile tableti kwa mikono miwili, taratibu, akachungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Nani anaandika?" aliuliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, mpaka vibanda vitatu vikageuka kumtazama.

Na chini ya maneno ya Ivyne yakatokea: Nani anaandika.

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Kwa miaka minne alikuwa akiitoa sauti yake kama mtu anayetupa mawe gizani, hajui yameanguka wapi. Sasa alikuwa anaiona, nyeusi juu ya nyeupe, haikukosa hata herufi. Akasema, "Bwana asifiwe," na Bwana akaandikwa. Akasema, "Mimi ni Mama Janice," na hilo nalo likaandikwa. Mwili mzima ulikuwa unamsisimka. Alitaka kucheka na kulia na hakujua aanze na lipi, akayafanya yote mawili papo hapo juu ya kabati la watu.

Ivyne akampa tishu, akangoja. "Sasa Mama niambie ukweli," kioo kiliandika. "Hii kitu utaifanyia kazi gani? Mimi nikijua kazi ndio najua ya kukuuzia."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hannah aliangalia kioo badala ya kumwangalia bintiye.

"Inaandika maneno ya mtu yeyote? Hata mtu ambaye mwenyewe hajui kuandika?"

"Hata mtoto wa nasari. Kazi yake ni kuongea tu."

Janice alikuwa amenyanyua kichwa. Alimtazama mama yake kwa muda, na Hannah aliona miaka ikipita kwenye uso ule: miwani inayopotea, benki, kitabu cha nyimbo kifuani. Neno moja likatokea kwenye kioo.

"Baba?"

Hannah hakuitikia kwa kichwa. Alisema, "Usimwambie nimekuambia." Janice alimshika mkono wala hakuandika kitu kwenye daftari. Alilifunga, akalitia kwenye mkoba.

Hapo ndipo ununuzi wenyewe ulipoanza. Ile kubwa ya elfu arobaini na sita Ivyne aliirudisha ndani bila huruma.

"Hii ni poa lakini haina mahali pa laini. Inataka Wi-Fi. Huko kwenu iko?"

"Iko ng'ombe," Hannah alijibu.

Akatoa ya elfu kumi na moja. Wakatoka nayo hadi kwenye ujia, mbele ya kibanda kinachouza spika, ambako hata Hannah aliuhisi muziki kwenye nyayo. Ivyne alisema naye kwa ukaribu kabisa, na tableti ikaandika maneno matatu, ikazubaa. Rahisi ni ghali. Kisha ile ya wastani: Ivyne aliiweka mikononi mwa Hannah, akarudi nyuma hatua tano, akaongea kwa sauti ya kawaida, na sentensi nzima ikaja, haraka kuliko mwandiko wa Janice. Bei elfu ishirini na tatu na mia tano. Hannah akaishusha mpaka elfu ishirini na mbili na mia nane, akibishana na kusoma majibu, na lau wangemwacha angebishana mpaka duka lifungwe, kwa raha tu ya kubishana. Ivyne alitia laini, akakuza herufi, akachagua Kiswahili, akamwonya kwamba bando ikiisha tableti inakuwa bubu.

Saa kumi Hannah alikuwa nyumbani. Kwao ni pale Mountain View inapopakana na Kangemi, kiploti cha urithi chenye vyumba sita vya kupangisha, ng'ombe wawili, na majani ya napia yaliyobanwa kwenye ukuta. Gerishon alikuwa zizini anakatakata majani. Hannah aliisimamisha tableti juu ya gunia la pumba, akawasha, akamnyooshea mumewe kidole mdomoni.

"Sema."

Gerishon aliitazama ile tableti, akamtazama mkewe, akasema. Kioo kikabaki cheupe. Akasema tena, kwa nguvu. Yakaja maneno mawili ya ovyo yasiyo ya lugha yoyote, kisha weupe tena.

Hannah aliangalia bando, ipo. Aliangalia betri, imejaa. Ndipo alipoangalia midomo ya mumewe, akaelewa. Gerishon alikuwa anasema Kikuyu. Bila shaka alikuwa anasema Kikuyu. Angesema nini kingine na mke wake? Wanawake watatu wenye akili timamu walikuwa wamekagua laini, spika na bei, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuuliza nyumbani wanasema lugha gani. Mtu wa Nairobi hubadilisha lugha kama anavyobadilisha viatu mlangoni, na hata hakumbuki amevibadilisha.

"Sema Kiswahili, Baba Janice."

Gerishon alicheka. Miaka thelathini na tisa ya ndoa, na hawakuwahi kuambiana hata habari za asubuhi kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha muuza maji, cha daktari wa mifugo, cha kumkumbusha mpangaji kodi. Kumsemesha nacho mke wako ni kama kumpokea kwa barua ya serikali. Aliangaza macho huku na huku asije akaonekana na wapangaji, akauinua upanga aendelee na kazi yake, kisha, akimtazama ng'ombe wala si mkewe, akanong'ona kitu.

Kioo kikaandika. Hannah akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Hii ng'ombe imekataa majani."

Upanga ukashuka polepole hadi chini. Gerishon aligeuka. Midomo ikacheza kidogo.

"Umenisikia?" Hannah alisoma. "Ndio. Nimekusikia."

Mzee alijipangusa mikono kwenye koti, akaja karibu, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Alikuwa na sura ya mtu anayekaribia moto ambao hajui utamchoma au utampasha joto. Akasema, na Hannah akasoma: Maji iko kwa tangi. Akasema tena, Hannah akasoma: Ile mbwa ni mwizi, imekula omena yote. Wakacheka hadi ng'ombe akageuka kuwaangalia. Maneno yalikuwa yanatoka kinywani mwa huyu mzee ambaye hajawahi kuandika hata jina lake, yanapanda kwenye kioo yakiwa yamenyooka kama ya mwalimu, na kurudi masikioni mwake kwa sauti ya mkewe.

Hannah aliuliza kabla moyo haujamkataza.

"Siku ile hospitalini. Uliniambia nini?"

Kicheko kikamtoka Gerishon usoni. Kioo kilikaa cheupe muda mrefu, mpaka kikaanza kufifia na Hannah akakigusa. Kisha herufi zikaja, kwa vipande, na yeye akazisoma jinsi zilivyokuja.

"Nilikuambia usikufe. Nikakuambia hata kama umekuwa kiziwi si kitu. Nitaenda shule ya watu wazima. Nitajua kuandika. Nitakuandikia kila kitu."

Akaendelea.

"Nilienda siku moja. Kufika mwalimu ni mtoto ya Mbuthia, huyu jirani yetu. Nikaona haya. Nikarudi."

"Nikanyamaza. Miaka nne naona haya."

Hannah hakusikia sauti yake ikikatika, lakini aliona kwa macho ya mumewe kwamba imekatika. Gerishon akainama mbele, na wasiwasi umemjaa, maana hakuwa na njia ya kujua kama yameandikwa au yamepotea.

"Imeandika yote?"

"Imeandika yote."

Alikitazama kioo kilichojaa. Alinyoosha kidole chenye rangi ya majani mabichi, akakipitisha juu ya mistari bila kuigusa, toka juu mpaka chini.

"Hii yote ni mimi nimeandika?"

"Ni wewe, Baba Janice. Umeandika."

Gerishon akavua kofia, kama anavyoivua akiingia kanisani, akaiweka juu ya goti. Kisha akasema kitu kimoja, kifupi, ambacho hakuwa amekisema tangu walipooana, kwa maana kwao mke huitwa kwa jina la mtoto. Neno likatokea peke yake kwenye mstari wa mwisho. Hannah.

"Ni gani hapo?" akauliza. "Nionyeshe."

Hannah akamwonyesha kwa kidole. Gerishon alisogeza uso karibu, akaanza kulikariri jina lile, herufi moja moja, na kila mwanga wa kioo ulipotaka kuzima, Hannah alikigusa ili kiendelee kuwaka.