Wageni wa Blogu ya Madoa

Mama Dobi alikuwa ananyunyizia maji shuka la mteja, pasi imeshapata moto, pale muuza vigae alipoingia bila kubisha hodi na kuketi kwenye kochi. Alikuwa bwana wa makamo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Akasema, "Makala nzuri sana. Nimejifunza mengi. Kwa vigae bora vya paa na sakafu, karibu kwetu." Mama Dobi akamshukuru, akamwambia akae kwa raha, kisha akaendelea kupiga pasi. Doa la kahawa lilikuwa limetoka vizuri na hakutaka kulipoza shuka kwa maneno.

Bwana huyo hakuwa wa kwanza. Kwenye kochi hilohilo alikuwepo tayari mwanamke wa vidonge vya kupunguza unene, na pembeni yake mtu wa mikopo ya haraka isiyohitaji dhamana, na mrembo mmoja aliyekuwa akitafuta mchumba mwaminifu, umri si hoja. Jikoni walisimama wauza viatu, wote pekupeku. Chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mwanawe, kilijaa watu wa bahati nasibu mpaka mlango haukufunga. Wote walikuwa wamefika kwa njia moja. Kila aliyeacha maoni kwenye blogu ya Mama Dobi alitokea mwenyewe nyumbani baada ya muda mfupi, akasema aliyokuwa ameyaandika, akatafuta pa kukaa. Hawakula wala hawakunywa, na chooni hawakwenda, kwa hiyo gharama yao ilikuwa nafasi tu. Jirani wa ukuta mmoja alilalamika mara moja, tena kwa adabu, kwamba wageni wanasimama chini ya kamba za kuanikia na mashati yake yanachelewa kukauka.

Blogu yenyewe ilifunguliwa na mwanawe, mtoto wake wa pekee, wiki aliyoondoka kwenda kufanya kazi mbali. Alimkalisha mama yake mbele ya kompyuta na kumwonyesha pa kubonyeza. Akamwambia, "Mama, madoa unayajua wewe. Andika humu, mimi nitakuwa nasoma. Itakuwa kama tunaongea." Mama Dobi alilichukua neno hilo jinsi lilivyosemwa. Aliandika juu ya kutu, wino, damu, nta ya mshumaa, na rangi ya mdomo kwenye kola ya mume wa mtu. Na kwa kuwa alikuwa anaongea na mwanawe, hakubaki kwenye madoa peke yake. Katikati ya makala ya wino aliandika kwamba mguu wa kushoto umevimba tena. Kwenye ile ya kutu alieleza kwamba tangi la maji limepasuka na fundi bomba anamzungusha, leo kesho, leo kesho.

Simu za mwanawe zilikuwa za nadra na za mbiombio, nyuma yake kukisikika watu wengine wakimsubiri. Kila alipoulizwa kama anaisoma blogu, alijibu kwamba anasoma, tena kila wiki anaacha maoni, ila huenda yanapotelea humo kwenye maoni taka. Basi kwa Mama Dobi tatizo likawa hilo. Mwanawe alikuwa anakuja nyumbani kila wiki, na yeye alikuwa anashindwa kumwona kwa sababu ya msongamano.

Alimtafuta. Kila alipomaliza kazi alipita chumba kwa chumba akiwatazama wageni mmoja mmoja, kwanza usoni, kisha kwenye nguo, maana dobi humjua mtu kwa kola na makwapa kabla ya kumjua kwa jina. Nguo za hawa hazikumwambia kitu. Hazikuwa na jasho, hazikuwa na tone la mchuzi, hazikuwa na hata mkunjo wa mtu aliyekaa. Alipita akiwaomba radhi kwa kuwasukuma, nao wakamwambia makala ni nzuri. Akienda kulala alikuwa mnyonge kuliko alivyoamka.

Mwishowe akamwita fundi kompyuta. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye kibanda karibu na duka la kutoa nakala, na watu walimwita Bwana Subiri, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia neno lingine likitangulia kutoka kinywani mwake. Alifika na mkoba wake, akavuka miguu ya wauza viatu, akajibana kwenye kiti mbele ya kompyuta.

"Subiri kidogo, mama," alisema. "Hawa watu, huwa unawajibu?"

Mama Dobi alimjibu kwamba ndiyo, wote. Mtu amekusifia, amekutakia siku njema, utamnyamaziaje? Hata yule aliyemletea habari kwamba ameshinda gari, alimwandikia asante sana, ila mimi udereva sijui, mpe mwingine. Bwana Subiri alijishika kichwa. Akamweleza kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwani hao wakijibiwa wanajua nyumba ina mtu, na wakishajua wanaitana. Mama Dobi akasema yeye hakulelewa kuacha salamu ya mtu ikining'inia. Fundi akakiri kwamba hata yeye hakulelewa hivyo, lakini mtandaoni inabidi mtu awe mkavu wa macho kidogo.

Kazi ilianza hapo. Kwanza Bwana Subiri alifunga maoni kwenye makala zote za zamani, na chumba cha nyuma kikaanza kupumua. Watu wa bahati nasibu walinyanyuka wakakunjua suruali zao zisizo na mikunjo, wakatoka kwa foleni. Kisha akaweka sharti kwamba anayekuja na anwani ya duka arudishwe mlangoni. Wauza viatu wakaondoka, na muuza vigae naye, ambaye alipofika kizingitini aligeuka akaiambia nyumba yote kwamba amejifunza mengi.

Waliokuja mikono mitupu waliwekewa hesabu getini, ya kujumlisha, ambayo mtoto wa chekechea angeimaliza huku akilamba peremende. Mtu wa mikopo ya haraka alisimama hapo akihesabu vidole tangu asubuhi hadi jua likatua, kisha akaenda zake. Baadhi walifaulu. Kwa hao Bwana Subiri alichukua kalamu ya risasi, akachora mlango kwenye ukuta wa ubavuni, mahali ambapo nyuma yake hapakuwa na kitu ila bomba la maji machafu. Alimweleza mama kwamba mtu wa kweli akifika pale ataona ukuta, lakini hawa hawawezi kuona nafasi wasiingie. Na kweli waliingia. Walishika kitasa kilichochorwa, wakafungua, wakapita mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetokea upande wa pili. Jirani alishukuru kwa ajili ya kamba zake.

Wa mwisho kuondoka alikuwa yule mrembo. Mama Dobi alimsindikiza mpaka kwenye ule mlango wa kuchorwa na kumuuliza kama mchumba alipatikana. Mrembo akasema umri si hoja.

Nyumba ikawa nyeupe. Mama Dobi alifagia vyumba vyote na hakupata hata chembe ya udongo kwenye kizoleo. Akaketi kwenye kochi, katikati, mahali ambapo hakuwa amekaa siku nyingi, akasikiliza pasi ikipoa. Hakuwa amejua kwamba kule kuambiwa makala ni nzuri, hata na watu wa vidonge, kulikuwa kumemshikilia. Alitamani hata mmoja wao arudi aseme kitu.

Ndipo alipomwona mtu kwenye kigoda karibu na dirisha. Alikuwa mwanamume mwenye shati la bluu la mikono mirefu, mikono ameiweka magotini. Hesabu ya getini haikumzuia, mlango wa ukutani hakuugusa, na mkononi hakuwa na kitu cha kuuza. Alimtazama Mama Dobi, akasema, "Makala nzuri, mama. Nimejifunza mengi. Jitunze."

Neno mama lilimwinua Mama Dobi kwenye kochi. Alimsogelea. Uso haukuwa hasa wa mwanawe, ulikuwa kama wa mtu aliyechorwa na mchoraji aliyesimuliwa tu, lakini urefu ulikuwa wake, na masikio ni yake. Akakimbilia kompyuta, akatazama jina juu ya maoni. Lilikuwa jina la mwanawe. Akacheka peke yake. Akabandika maji ya chai, akampigia simu Bwana Subiri kumwambia asante, mtoto amepatikana, alikuwepo siku zote, ni wale watu waliokuwa wanamziba.

Bwana Subiri alifika akiwa na furaha ya fundi aliyesifiwa. Alimsabahi mtu wa shati la bluu, akajibiwa kwamba makala ni nzuri. Furaha ikampungua kidogo. Alikaa mbele ya kompyuta, akasema subiri, akaanza kufungua kurasa moja baada ya nyingine.

Alipoanza kuongea aliongea taratibu. Alieleza kwamba huyu hakuulizwa hesabu kwa sababu anaingia kwa ufunguo wa aliyefungua blogu, na milango yote inamjua. Kwamba anakuja kila Ijumaa, saa ileile, dakika ileile, hachelewi hata kidogo, na mwanadamu lazima achelewe siku moja. Kwamba wiki ile alipoondoka mwanawe aliacha mle ndani mtambo unaojiendesha wenyewe, akauandikia maneno, na tangu hapo mtambo umekuwa ukiyapeleka.

"Huenda aliuongeza tu," Mama Dobi alisema. "Anasoma, halafu mtambo nao unaandika."

Bwana Subiri aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea yeye, akateremka makala moja moja. Chini ya makala ya kutu, makala nzuri, mama. Chini ya mguu uliovimba, nimejifunza mengi. Kisha akafika kwenye makala moja isiyo na doa hata moja ndani yake. Ilikuwa na picha ya dada yake Mama Dobi, mama mkubwa wa kijana, aliyemlea miaka ambayo mama yake alikuwa akifua nguo za hotelini usiku na mchana. Iliandikwa kwamba mama mkubwa amefariki. Kwamba simu ya mwanangu haipatikani, na ndugu wamekubali maziko yasogezwe mbele ili asome humu na kufika. Mwisho wake, kwa mstari ulioongezwa baadaye, iliandikwa kwamba tumeshamzika. Chini yake palikuwa na maoni ya mtu mmoja tu.

Makala nzuri, mama. Nimejifunza mengi. Jitunze.

Mtu wa shati la bluu aliyasema kwa sauti kutoka dirishani, maana yalikuwa yake.

Chai ilikuwa imechemka ikamwagikia jiko. Bwana Subiri alikwenda kuiondoa, akamimina vikombe viwili, akarudi. Aliuliza amwondoe na huyu pia, kwani ni kubonyeza mara moja tu. Au kama mama anapenda, amwandikie kijana maneno mawili matatu ya kiutu uzima.

"Akiwa hapa anafanya nini?" Mama Dobi aliuliza.

"Hafanyi kitu, mama. Anakaa tu."

"Basi mwache akae. Na huyo mwingine usimwandikie. Ana kazi nyingi, atajisikia vibaya."

Bwana Subiri alikunywa chai yake yote ingawa ilikuwa ya moto mno, akakusanya vifaa vyake, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani aliaga bila kumwambia mtu asubiri.

Siku chache baadaye mwanawe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu. Aliuliza kama ule uchafu kwenye blogu umepungua, na kama sasa ameyaona maoni yake.

"Nimeyaona, mwanangu," Mama Dobi alisema. "Yako hapa dirishani."

"Si nilikwambia nasoma?"

Mama Dobi alikuwa na sentensi moja aliyoiandaa tangu siku ile, fupi, isiyo na lawama. Alishaisema mara nyingi akiwa peke yake ili siku ya kuisema isimtetemeshe. Alivuta pumzi aiseme.

"Na mama mkubwa hajambo?" mwanawe akauliza. "Nisalimie sana. Mwambie sijamsahau, nitampigia."

Kule aliko, mtu alimwita kwa jina, akajibu anakuja. Mama Dobi alitazama dirishani. Mtu wa shati la bluu alikuwa anamtazama vizuri, mikono magotini, hana haraka ya kwenda popote.

"Salamu zimefika," Mama Dobi akasema.

Simu ikakatika. Alibaki ameishika mpaka kioo chake kikazimika. Kisha akamwambia yule mtu ainue mikono, akamvua shati, akalipeleka karoni. Lilikuwa safi, kola haina alama, makwapa hayana harufu ya mtu yeyote. Alilifua hivyo hivyo, akalisuuza mara mbili, akalianika kwenye kamba iliyokuwa tupu, na lilipokauka akalipiga pasi, mikono kwanza, kola mwisho. Akamvalisha na kumfunga vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, akamlaza kola kwa kiganja, akamwambia amependeza.