Gari Lililokataa Kuzimika

Walimvunja dada yangu mkono kwa kitako cha bunduki, siku ya soko, saa nne za asubuhi, katika ule mlima wa kupanda Fizi. Land Cruiser ya mume wake ilikuwa ikipanda polepole na mzigo wa ndagala, yaani dagaa, polepole kiasi kwamba mwizi hakuhitaji kukimbia. Alitembea kando yake, akafungua mlango, akaingia kama mtu aliyealikwa. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha panda nyuma juu ya magunia. Clarisse alikataa kuachia mfuko wake, na hapo ndipo mkono ulipovunjika, juu kidogo ya kiwiko. Bonaventure, mumewe, akachomoa spana ya magurudumu chini ya kiti, akampiga yule mtu mdomoni hadi meno ya mbele yakamtoka.

Kwa nini hawakumwua siku ile, sijui. Nadhani ni zile pikipiki nyingi zilizokuwa zikishuka kutoka juu, wakaogopa kuzingirwa, wakakimbilia porini. Lakini yule wa meno aligeuka, damu ikimchuruzika kidevuni, akamnyooshea kidole.

"We, nimekujua. Na motokari yako nimeijua. Siku ingine ukipita hapa polepole vile, unakufa."

Neno hilo, polepole, ndilo lililomla shemeji yangu. Mtu mwingine angeacha njia ile. Lakini samaki wa Clarisse wananunuliwa Fizi-Centre, na watoto wao wanne wanakula kwa samaki hao. Kisha Bonaventure alikuwa Bonaventure, mtu wa kichwa kigumu. Ukimwambia jiwe ni la moto, atalikalia ili akuoneshe.

Mimi naitwa Guy, nina gereji hapa Baraka, karibu na ufuko mashua zinaposhushia mizigo. Alikuja kwangu kesho yake.

"Shemeji, nipe nguvu," aliniambia. "Mi nataka ule mulima nipande na ya tatu, si na ya kwanza. Bale bantu banipige na mawe tu kwa nyuma."

Nilimwambia injini yake ni nzuri lakini imezaliwa mpole. Aliyenipinga ni Gordien, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda aliyekuwa akinisaidia kazi, ambaye kabla ya kukimbia kwao alikuwa fundi wa malori makubwa. Mimi ndiye niliyekuwa na gereji. Kwa akili ya injini alinipita mbali, na sioni aibu kusema.

"Hii moteri inavuta hewa yenyewe, venye sisi tunapumuaka," alisema. "Tukiitilia turbo, italishwa hewa kwa nguvu. Unaongeza na mazutu kidogo. Utaona."

Turbo tuliitoa kwenye Fuso iliyokuwa imeanguka korongoni, mwaka ulikuwa umepita mvua zikiinyeshea. Tulifanya kazi wiki mbili. Tulikata mabomba na kuyachomelea upya mara tatu, tukatoboa injini kupeleka oili kwenye turbo, tukafungua skrubu ya pompi ili mazutu, yaani dizeli, yaongezeke. Siku tuliyoijaribu kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa, mgongo wangu ulibandikwa kwenye kiti na kuku wa watu wakaruka hadi juu ya mapaa. Bonaventure alilia machozi. Mtu mzima na ndevu zake alilia, akanibusu kichwani.

Gordien hakucheka. Alituketisha sisi wawili kama mwalimu.

"Musikie vizuri. Hii turbo ni ya zamani, na inageuka haraka sana, na iko moto sana. Ukimaliza kupanda mulima, usizime palepale. Ngojea, moteri igeuke polepole, oili ipoze ndani. Ukizima palepale, oili inaungua mule. Siku moja turbo itaanza kuvujisha oili, na moteri itakunywa oili yake yenyewe. Hapo ufunguo hauna kazi. Utatoa ufunguo, moteri itaendelea kulia na kupanda mupaka ipasuke."

"Sasa tunafanya nini?" nikamwuliza.

"Unaiziba hewa. Ao unatia vitesi ya tano, unakanyaga frein na nguvu yote, unaachia ambrayage. Itakabwa, itakufa." Kwetu vitesi ni gia, frein ni breki, ambrayage ni klachi.

Sasa, kila dereva wa njia ile anajua desturi moja: ukifika kileleni unazima injini, unateremka bure upande wa pili, unaokoa mazutu. Baba zao walifanya hivyo. Bonaventure alizima hivyo miaka kumi na miwili, na turbo haikumbadilisha. Kila aliporudi nilishika lile bomba la oili la turbo nikalikuta limeungua, nikajua.

"Ulizima tena," nilimwambia wiki ya tatu.

"Guy, mi nilinunua moteri ao nilioa bibi wa pili? Eti ningojee, eti inapoa. Inajipamba?"

Wanafunzi wangu walicheka, na hasira ikanipanda. Nilimkaba shati, nikamsukuma kwenye ukuta wa mabati hadi ukalia. Naye akanipiga ngumi ya sikio. Tukaanguka kwenye oili chafu, watu wazima wawili, tunang'atana kama mbwa wa sokoni. Clarisse ndiye aliyetutenganisha, kwa mkono wake mmoja mzima, akitumwagia maji ya ndoo.

"Bonaventure, utamusikia yaya Guy," alisema; kwetu kaka mkubwa huitwa yaya. "Na we yaya, siku ya soko utapanda nasi. Utamukumbusha wewe mwenyewe."

Nikakubali. Nilikubali kwa ajili ya dada yangu, lakini pia nilitaka kuisikia kazi yangu katika mlima ule. Nasema kweli, kiburi kilinipeleka.

Siku ya soko tuliondoka jua limekwisha chomoza vizuri, Bonaventure kwenye usukani, Clarisse katikati na mkono wake umefungwa kitambaa, mimi mlangoni. Nyuma magunia kumi na tisa ya ndagala. Mlima ulipoanza, Bonaventure alitia vitesi ya tatu na kukanyaga. Turbo ikaanza kupiga mluzi.

Walikuwa palepale, wale ambao tangu siku ile ya spana hawakuonekana tena mlimani. Yule asiye na meno alisimama katikati ya barabara, bunduki kiunoni, ametulia kabisa, maana alikuwa akilingoja gari la polepole. Nilimwona akitabasamu na lile pengo lake. Kisha nikaona tabasamu likimtoka, akainua bunduki, akachelewa. Bonaventure hakushika breki wala hakukwepa. Tulimpiga na bampa kwenye nyonga, nikasikia mfupa, kweli niliusikia juu ya kelele zote, naye akarushwa mtaroni na bunduki yake ikagonga kioo chetu na kukipasua. Wenzake wakapiga risasi kutoka porini. Mbili ziliingia kwenye magunia. Moja ilitoboa mlango wangu, ikapita juu ya magoti yangu na kuchana kiti.

"Piga! Piga, mbwa ninyi!" Bonaventure alikuwa akipiga kelele, mate yakimruka. "Leo niko polepole? Niambieni, niko polepole?"

Na mimi nilicheka. Mtu amelala mtaroni nyonga imevunjika, labda anakufa, nami nilicheka na kupiga dashibodi kwa viganja, furaha imenijaa kama siku ya harusi. Clarisse peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama, ameficha uso kwenye mkono wake uliofungwa, anasali kwa Kibembe.

Tulifika kileleni. Injini ilikuwa ya moto hivi kwamba harufu ya chuma iliingia ndani. Na Bonaventure, kwa mkono uleule uliofanya hivyo miaka kumi na miwili, akazungusha ufunguo. Kimya. Gari likaanza kuteremka bure.

Clarisse akainua kichwa. "Yaya Guy, si mulisema asizime?"

"Acha," nilimwambia, bado nikicheka. "Leo umwache. Mwanaume amefanya kazi."

Ndivyo nilivyosema. Nilikwenda pale kwa neno hilo moja tu, na ilipofika zamu yake nililitupa.

Chini ya mteremko Bonaventure alirudisha ufunguo, akatia vitesi, akaachia ambrayage, na injini ikawaka. Kwenye kioo cha pembeni niliona moshi, si ule mweusi wa mazutu tuliouzoea. Huu ulikuwa mzito na wa buluu. Nikaacha kucheka. Mbele yetu, kama mita mia mbili, kulikuwa na bariere ya kijiji: kamba, miti miwili, na vijana sita wenye bunduki wanaolinda njia ya Fizi. Bonaventure aliwajua wote. Kila wiki aliwashushia sahani ya ndagala, nao walimwita papa. Mkubwa wao, Eddy, alikuwa amesali naye misa ya Pasaka benchi moja.

Lakini walikuwa wamesikia risasi za mlimani. Tulipokaribia walikuwa wamelala nyuma ya miti, bunduki zimetuelekea, na sisi tunakuja na wingu.

Bonaventure alisimama hatua tano kutoka kwenye kamba. Akatoa vitesi, akaondoa mguu kwenye pedali ya mazutu. Injini haikushuka. Ilipanda. Ilipanda yenyewe, mluzi ukawa mlio, gari zima likatetemeka na ule moshi wa buluu ukatufunika sisi na wao.

"Zima moteri!" Eddy alipiga kelele. "Zima! Mutoke na mikono juu!"

"Nimezima!" Bonaventure alichomoa ufunguo, akautoa dirishani, akautikisa. "Eddy, ni miye! Nimezima, angalia, fungulo hii!"

Eddy alikuja akikohoa ndani ya moshi. Sijui kama alimtambua. Yeye alisikia injini tu, injini inayolia zaidi kila anapoamuru inyamaze. Aliingiza kitako cha bunduki dirishani, akampiga Bonaventure shavuni, akampiga tena puani.

"Unanicheka? Nasema zima!"

Nikaruka chini na mikono juu ili nifungue kapo, ule mfuniko wa injini, niizibe hewa kwa shati langu. Sikufika. Mmoja alinipiga tumboni, mwingine mgongoni, nikaanguka kifudifudi kwenye changarawe na buti likakaa shingoni mwangu. Nikiwa pale chini niliisikia injini ikifika mwisho. Nimefanya kazi hii miaka ishirini. Najua sauti ya chuma kinachotaka kupasuka. Kichwani mwangu niliona vipande vyekundu vikipenya bati la mbele na kuingia katika miguu ya dada yangu. Hicho ndicho nilichokiona, wala sikuona kingine.

"Bonaventure!" nililia kwa pumzi yote iliyobaki. "Tia ya tano! Kanyaga frein! Achia ambrayage! Achia!"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alinisikia. Damu imemjaa machoni, alitia ya tano, akakanyaga breki, akaachia.

Gari liliruka mbele hatua moja. Hatua moja tu, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Kisha injini ikakabwa, ikakohoa, ikafa. Nilisikia kimya. Nataka watu waelewe jambo hili: kimya kilitangulia. Injini ilikuwa imekwisha zimika vijana wale walipopiga risasi.

Walipiga wote sita. Walikuwa wameona gari likiwarukia.

Moshi ulipopungua, Eddy alikuwa amesimama mlangoni na mdomo wazi. "Ni papa Bona," alisema. "Ni papa Bona wa ndagala." Alilirudia mara nyingi, kwa sauti ya mtoto, hadi mwenzake mmoja akamvuta pembeni na kumzaba kofi. Buti likatoka shingoni mwangu. Bonaventure alikuwa ameegemea usukani, kifua chote kimefunguliwa. Clarisse hakuguswa na risasi hata moja, kwa sababu alikuwa amejilaza juu ya mapaja ya mumewe. Alikuwa mwekundu kutoka nywele hadi kitenge, na hakuna tone lililokuwa lake.

Tulimzika hapa Baraka siku ya pili. Gordien alitoka Lusenda kuja matangani, akanishika mkono na kuniambia nilisema vizuri, kwamba ndiyo dawa yenyewe, kwamba hata yeye angesema vilevile. Mafundi wengine waliniambia hivyohivyo. Niliwashukuru. Nilirudia maneno yao kichwani usiku na mchana kama mgonjwa anayemeza vidonge.

Baada ya wiki tatu Clarisse alikuja gereji. Alisimama mbele ya Land Cruiser, ambayo tuliikokota hadi pale, akaangalia yale matundu. Nilimsogezea kiti, hakukaa. Nikaanza kumweleza, injini ingepasuka, vipande vingeingia ndani, vingemkata yeye. Aliniacha nimalize.

"Kule juu nilikukumbusha, ukanyamazisha miye," alisema. Hakuniita yaya. "Ku bariere njo ukapata mudomo. Moteri ingepasuka tu, Guy. Muguu ungekatika, nilikuwa na mukono moja, ningebaki na muguu moja. Ningekuwa na bwana."

Nikafungua kinywa kumjibu, naye akainua kiganja chake kizima, akakiweka juu ya midomo yangu, akakikaza.